Uniti moja kwa usiku

Watu wakisikia kwamba kwa miaka mingi kompyuta yangu ilikuwa ikitafuta viumbe wa angani, huniuliza maswali mawili. La kwanza: mmewapata? La pili: walikuwa wanakulipa shilingi ngapi? La kwanza jibu lake ni bado. La pili ni kwamba mlipaji nilikuwa mimi. Leo nataka kuandika zaidi kuhusu hilo la pili, kwa sababu la kwanza limeandikwa sana na watu wenye digrii za fizikia, na mimi ni mhasibu tu wa hapa Mbeya.

Mradi wenyewe unaitwa SETI@home. Ulizinduliwa tarehe 17 Mei 1999 na Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wazo lilikuwa la David Gedye, tangu mwaka 1995, akalifanyia kazi pamoja na David Anderson wa upande wa kompyuta na Dan Werthimer, ambaye tayari alikuwa na shughuli yake ya kusikiliza anga kwa redio. Wakati huo serikali ya Marekani ilikuwa imeshajitoa. Mwaka 1993 Bunge lao lilifuta fedha za NASA za kutafuta viumbe wenye akili nje ya dunia, wabunge wakaona ni kuchezea kodi za wananchi. Hela hakuna, kompyuta kubwa hakuna. Lakini majumbani na maofisini kulikuwa na mamilioni ya kompyuta ndogo zimewaka, skrini inaonyesha samaki wanaogelea, mwenyewe yuko jikoni anapika. Wakasema, tuziombe hizo. Ndani ya mwaka wa kwanza wakapata zaidi ya watu milioni moja, na hadi mradi unasimama walikuwa wamepita milioni tano.

Mimi niliwakuta nikiwa mhudumu wa intaneti kafee pale Mwanjelwa, kabla sijamaliza masomo ya uhasibu. Mwenye kafee alikuwa mzee mmoja mstaafu wa reli, mpole lakini mkali wa matumizi. Intaneti ilikuwa ya satelaiti, dishi liko juu ya bati, na bili yake ya mwezi ilikuwa inamnyima usingizi. (Vijana wa siku hizi hawajui. Kabla mkongo wa baharini haujafika Dar es Salaam mwaka 2009, kufungua barua pepe moja kulitosha mtu kwenda kununua karanga na kurudi.) Daktari mmoja mgeni, mteja wetu wa jioni, ndiye aliyenionyesha programu hiyo. Nikaipenda, nikamwendea mzee asubuhi kabla hajaanza kupiga hesabu zake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kuna nini tena?"

"Kuna programu naomba kuiweka kwenye zile mashine mbili za nyuma, zinazokaa bila mteja asubuhi."

"Inakula intaneti?"

"Kidogo sana. Inachukua faili moja dogo kuliko picha, halafu mashine inashinda nalo siku nzima."

"Siku nzima inafanya nini?"

"Inatafuta sauti kutoka angani."

Akavua miwani. "Za malaika au za watu?"

"Za watu, mzee. Yaani viumbe, kama wapo."

"Weka. Ila mteja akija, hao viumbe wapishe."

Swali lake la intaneti lilikuwa la msingi kuliko yote, na ndipo palipokuwa na uzuri wa mradi ule kwa watu wa huku kwetu. Kazi nyingi za kompyuta zinataka njia pana ya intaneti, hii haikutaka. Kila kipande cha kazi kilikuwa na ukubwa wa theluthi moja ya megabaiti tu. Ukishakipakua, unaweza kukata intaneti kabisa. Mashine inakokotoa yenyewe hadi imalize, kisha unaunganisha tena dakika chache, inapeleka majibu na kuchukua kipande kingine. Kwa kompyuta za Pentiamu za wakati ule kipande kimoja kilichukua karibu siku nzima. Mtu wa Berkeley mwenye intaneti ya kasi na mimi wa Mwanjelwa mwenye dishi la kusuasua tulikuwa sawa.

Ndani ya hicho kipande kulikuwa na nini? Sauti ilitoka Arecibo, kisiwani Puerto Rico, kwenye darubini ya redio yenye sinia la kipenyo cha mita 305, lililojengwa ndani ya bonde la asili la miamba ya chokaa. Sinia lile halikuweza kugeuka, lilitazama juu tu na dunia ndiyo iliyolizungusha. Wanaastronomia wengine waliitumia darubini kwa kazi zao, na watu wa SETI@home wakadandia hapohapo kwa kipokezi chao, wakarekodi chochote kilichopita. Waliupenda ukanda wa karibu na megahezi 1420, masafa ambayo hidrojeni yenyewe hutoa, kwa hoja kwamba mtu yeyote anayejua sayansi, popote alipo, atayajua masafa hayo. Faida nyingine ni kwamba hapa duniani hairuhusiwi kurusha matangazo humo. Rekodi ziliwekwa kwenye tepu za gigabaiti 35 na kutumwa Berkeley kwa posta, kwa sababu Arecibo nako intaneti ilikuwa haitoshi kuzibeba. Niliposoma hilo nilicheka sana. Nikamsomea na mzee, akafarijika kuona hata Wamarekani dishi linawasumbua.

Berkeley walikata ukanda wa megahezi 2.5 katika vipande 256, kila kimoja upana wa takriban kilohezi 10, na urefu wa sekunde 107. Hizo sekunde 107 za mkoromo wa anga ndizo zilizokuja Mwanjelwa.

Ugumu unaanzia hapo. Simama barabara ya Uyole basi likupite huku likipiga honi: likija sauti iko juu, likishapita inashuka. Sasa fikiria anayepiga honi yuko kwenye sayari inayozunguka, na anayesikiliza yuko kwenye sayari nyingine inayozunguka pia. Masafa yatakuwa yanateleza muda wote, na hujui yanateleza kwa kasi gani kwa sababu hujui sayari ya mwenzako. Kwa hiyo mashine inakisia. Inachukua zile sekunde 107, inazinyoosha kwa kasi moja ya kuteleza, inapekua. Inazinyoosha kwa kasi nyingine, inapekua tena. Maelfu ya kasi, na kwa kila moja inapekua kwa upana mbalimbali wa masafa, mwembamba kabisa ukiwa chini ya sehemu moja ya kumi ya hezi. Ndiyo maana faili dogo vile lilimaliza siku.

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni kipimo cha sekunde 12. Kwa kuwa sinia la Arecibo halisogei, nyota yoyote inakatiza mbele ya jicho lake kwa takriban sekunde 12. Mlio wa kweli kutoka angani ungepanda taratibu, ufike kileleni, ushuke, yote ndani ya sekunde hizo. Ukilia kwa nguvu ileile dakika nzima, hiyo ni rada ya kisiwani, au setilaiti, au oveni ya maikrowevu ya mtu. Nimekagua vitabu vya maduka mengi tangu wakati huo na bado sijaona njia nzuri kama hiyo ya kumtambua mwongo kwa muda anaokaa mlangoni.

Kwenye skrini haya yote yalionekana kama vilima vya rangi vinavyoinuka na kulala. Wateja walivipenda. Mmoja aliuliza kama ni bei ya dhahabu ya Chunya. Vijana waliuliza ni gemu gani na inachezwaje.

Simu zenye intaneti zilipoingia, kafee ikafa kama zilivyokufa nyingine zote. Mzee akauza mashine moja moja, mimi nikanunua mojawapo ya zile mbili za nyuma, Pentiamu 4, pamoja na monita yake nzito. Nikaipeleka nyumbani. Nilikuwa nimeshaolewa, na hapo ndipo hadithi ya umeme inapoanza, kwa sababu kafee bili ilikuwa ya mzee, na nyumbani tokeni tunanunua wenyewe.

Matangazo ya miradi hii, kuanzia siku ile ya kwanza hadi leo, yanasema wanaomba nguvu ya kompyuta ambayo haitumiki. Inayokaa bure. Maneno hayo yametungwa na mtu anayeletewa bili mwisho wa mwezi, akailipa pamoja na bili zingine bila kuisoma. Prosesa isiyo na kazi inapumzika, haili umeme mwingi. Ukiipa kazi ya kukokotoa muda wote inakula, inapata moto, feni inapiga kelele. Na kama ungeizima ukaenda kulala, basi kila kinacholiwa usiku kucha ni cha mradi. Mtu anayenunua umeme kwa tokeni na kuona namba zikishuka kwenye mita hawezi kuambiwa hiki ni cha bure.

Baba Neema, ambaye ni mwalimu na anapenda ushahidi, alisema tupime. Usiku mmoja tukachomoa friji, tukazima taa zote, tukaacha CPU peke yake bila monita. Mita yetu iko ukutani karibu na mlango wa jikoni. Yeye akashika tochi ya simu, mimi nikaandika namba kwenye daftari la matumizi ya nyumbani, lile lenye sukari na mafuta ya taa. Alfajiri kabla hatujawasha chochote tukarudi palepale na kandambili zetu. Imepungua uniti moja na chembe.

"Kwa hiyo wageni wako wanakula uniti moja kwa usiku," akasema.

"Hawajafika bado, Baba Neema."

"Sasa wakifika?"

Uniti moja kwa usiku ni uniti thelathini kwa mwezi. Kwa bei ya leo ya matumizi ya kawaida ya nyumbani ni zaidi ya shilingi elfu kumi. Kwa nyumba inayojibana ibaki kwenye kiwango cha chini cha uniti 75 kwa mwezi, hizo thelathini zinaweza kukutoa kwenye bei nafuu na kukutupa kwenye bei kubwa kwa matumizi yako yote. Nikaandika mstari mpya kwenye daftari, chini ya sadaka ya kanisani: "Anga." Kila mwezi nikajaza kiasi. Ukishaliandika jambo kwenye daftari huwezi tena kujidanganya kwamba halipo, na nikaanza kuuliza maswali ambayo sikuwahi kuyauliza nikiwa kafee. Huko Berkeley wanaufanyia nini umeme wangu?

Kwanza nikagundua kwamba walikuwa wanautumia mara mbili. Kila kipande kilipelekwa kwa watu wawili au zaidi, na majibu yalilinganishwa. Miaka ya mwanzo kulikuwa na watu waliorekebisha programu ili ionekane wamemaliza kazi nyingi, wapande kwenye orodha ya wachangiaji. Maana mradi ulikuwa unahesabu pointi, na kukawa na timu, na nchi zinashindana, na watu Ulaya na Marekani wamejaza kompyuta vyumba vizima kugombea nafasi. Kwa hiyo nusu au zaidi ya umeme uliotolewa duniani kote kwa ajili ya kazi hii ulitumika kukaguana. Baba Neema alisema huo ni ufujaji. Mimi kama mhasibu sikuona ubaya. Hata bila wezi, kompyuta zilizopata joto sana hukosea hesabu, na jibu la mashine moja ya Mwanjelwa yenye vumbi ndani halifai kuaminiwa peke yake. Ila hizo pointi sikuzitaka kabisa. Sijui hata niliishia na ngapi.

Pili nikagundua wapi walikuwa wanasikiliza. Sinia la Arecibo, kwa kuwa limelala bondeni, liliweza kuona ukanda mmoja tu wa anga, kuanzia karibu na mstari wa ikweta wa mbingu hadi nyuzi 38 kaskazini. Theluthi moja hivi ya anga lote. Kilimia, lile kundi la nyota, imo ndani ya ukanda huo. Novemba mvua zikikaribia, watu wakishalima mashamba yao kule Igurusi wakisubiri, ninaiona kutoka uani kwangu upande wa kaskazini, najua ile iko kwenye eneo letu. Lakini nikigeuka kusini hali ni tofauti. Msalaba wa Kusini haumo. Mawingu ya Magellan (ni galaksi mbili jirani, si mawingu ya mvua), ambayo usiku wa kiangazi yanaonekana vizuri sana ukitoka nje ya taa za mji, hayamo. Sehemu kubwa ya anga tunalolala chini yake huku kwetu haikusikilizwa na mradi huo hata siku moja. Baadaye, mwaka 2016, waliongeza rekodi kutoka Green Bank, Marekani, na huko nako Msalaba wa Kusini hauchomozi. Sikuwalaumu, darubini ni ile waliyokuwa nayo. Lakini nilipokuwa nasoma kwenye magazeti kwamba "anga limepekuliwa", nilikuwa najibu gazeti kwa sauti.

Umeme ulikuwa unakatika, jambo ambalo sina haja ya kulieleza kwa msomaji wa huku. Programu ya BOINC, ambayo kuanzia mwisho wa mwaka 2005 ndiyo iliyobeba SETI@home na ndugu zake, ilikuwa inahifadhi kazi kwenye diski kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo umeme ukirudi inaanzia ilipoishia. Niliipangia ifanye kazi kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Na Juni na Julai, wakati baridi ya Mbeya inapotafuna mifupa, malalamiko nyumbani yalipungua yenyewe. CPU ilikuwa chini ya meza inapuliza hewa ya moto. Neema alihamisha masomo yake ya usiku hapo, miguu imebanwa kwenye bati la mashine, na baba yake akawa analeta madaftari ya kusahihisha mezani hapohapo kana kwamba ni bahati tu.

Kilichommaliza kabisa Baba Neema ni malaria. BOINC inakuruhusu kugawa nguvu ya mashine yako kwa miradi kadhaa, na mmoja uliitwa malariacontrol.net, wa taasisi ya magonjwa ya tropiki ya Uswisi iliyoko Basel. Ni watu walewale ambao miaka ya 1950 walianzisha kituo cha utafiti Ifakara, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Kompyuta za kujitolea zilikuwa zinaigiza jinsi malaria inavyosambaa katika jamii, na nini kinabadilika ukileta vyandarua, au chanjo, au dawa kwa mpango fulani. Nilipomwonyesha akasema, "Hii naielewa." Tukagawana: nusu usiku anga, nusu usiku mbu. Mstari wa daftari ukabadilika kuwa "Anga na mbu." Mradi huo ulifungwa mwaka 2016, na ile nusu yake ya usiku haikuchukuliwa na mtu, Baba Neema alisema mashine ipumzike.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenikaa. Mwanzoni mwa Machi 2020 walitangaza kwamba kuanzia tarehe 31 mwezi huo hawatatuma kazi tena. Sababu waliyoitoa ilikuwa ya wazi kabisa: data waliyohitaji imeshachambuliwa, kuendelea kungeongeza kidogo sana, na wao wenyewe wanataka muda wa kuyasoma majibu na kuyaandika. Nilirudia kuisoma sentensi hiyo. Miaka 21 tumewapelekea majibu, na pale Berkeley kulikuwa na watu wachache tu, wengi wao wakiwa na shughuli nyingine, wanaohangaika na seva zilizojaa na bajeti ya michango. Mamilioni tuliwapa prosesa. Prosesa haikuwa ndiyo shida yao kubwa. Walikosa mishahara ya watu watano au sita wa kukaa chini na kusoma. Sisi wachangiaji, wale wa vyumba vilivyojaa kompyuta hasa, kama tungeuza nusu ya mashine tukachangia fedha za umeme ule, huenda majibu yangesomwa miaka kumi mapema. Nasema huenda. Lakini mtu anayetoa huwa anapenda kutoa kile alichonacho, mpokeaji akihitaji kitu kingine.

Mwaka huohuo Arecibo ilikufa. Agosti waya mmoja ulichomoka, Novemba mwingine ukakatika, na tarehe 1 Desemba 2020 jukwaa la tani 900 lililoning'inia juu ya sinia likaanguka na kulipasua. Iko video yake, imepigwa na droni. Niliiangalia mara moja, inatosha.

Kazi ya kusoma, hata hivyo, ilifanyika. Majibu yote tuliyopeleka yalikuwa kama bilioni 12, yaani kila mahali ambapo mashine fulani ilisema "hapa kuna kitu". Walipata nafasi kwenye kompyuta kubwa ya Taasisi ya Max Planck kule Hannover, Ujerumani, wakaanza kuondoa rada, setilaiti na kelele nyingine za kibinadamu, kisha wakatafuta milio iliyorudi mahali palepale angani kwa nyakati tofauti. Walichokifanya kilinigusa kama mkaguzi: walipachika milio ya uongo, waliyoitunga wenyewe, ndani ya data, ili waone kama mtambo wao utaikamata au utaitupa pamoja na takataka. Mwaka 2025 walichapisha matokeo kwenye jarida la The Astronomical Journal. Kutoka bilioni 12 wamebaki na kama 100 za kuangaliwa tena, na wameelekeza huko FAST, ile darubini ya Wachina yenye sinia la mita 500. Wenyewe hawategemei kwamba katika hizo mia moja kuna mtu. Wanachodai ni kwamba kama kungekuwa na mtambo wa nguvu kiasi fulani unaorusha mawimbi kwenye ukanda ule, wangeusikia, na sasa wanaweza kuandika hicho kiasi kwa namba.

Nimewahi kuulizwa, kwa hiyo umelipa elfu kumi kila mwezi ili uambiwe hakuna kitu? Ndiyo. Kila mwaka nalipwa na wateja wangu niwaambie kwamba kwenye vitabu vyao hakuna wizi, na hakuna aliyewahi kudai nimrudishie ada.

Pentiamu 4 ilishakwenda kwa fundi wa vyuma chakavu. Siku hizi natumia simu yangu ya zamani, kioo kimepasuka lakini prosesa nzima. BOINC ya simu inafanya kazi pale tu simu ikiwa kwenye chaji, betri imejaa zaidi ya asilimia tisini, na kuna waifai, na umeme inaokula ni mdogo kiasi kwamba mita haiuoni. Nimeiunganisha na Einstein@Home, wanaotafuta nyota za pulsa, yaani nyota zilizokufa zinazozunguka kwa kasi na kutuma mapigo ya redio. Hao wana bahati kuliko sisi wa viumbe: mwaka 2010 kompyuta ya mume na mke wa Iowa na ya jamaa mmoja wa Mainz, Ujerumani, zilikuta pulsa mpya inayozunguka mara 41 kwa sekunde, kwenye data iliyotoka Arecibo ileile. Yaani mtu analala, anaamka, kompyuta yake imekuta nyota.

Wiki iliyopita kijana wa jirani, anayesoma chuo hapa mjini, alikuja na swali. Amejiunganishia mashine ya gemu yenye kadi kubwa ya grafiki, feni tatu, taa za rangi ndani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Neema ameniambia mambo ya nyota. Na mimi nataka kuweka kwenye mashine yangu, iwe inapiga kazi usiku."

Nikaiangalia ile kadi kwenye picha aliyokuja nayo. Kadi ile peke yake, ikikokotoa, inakula mara mbili ya CPU yangu ya zamani.

"Nyumbani kwenu tokeni ananunua nani?"

"Mama."

"Kamuulize mama kwanza. Mwambie uniti mbili, labda tatu kwa usiku, usimfiche."

Akaondoka ananyong'onyea, nikajua mpango umeishia hapo. Jana jioni nimekutana na mama yake sokoni akichagua nyanya. Kumbe amekubali, tena kwa moyo mweupe, ila ameweka sharti: tokeni za usiku kijana anunue mwenyewe, na risiti amwonyeshe.